Inategemea na wiki

Mama Rama aliniuliza swali Jumamosi. Leo Jumanne bado ninalo kifuani.

Tulikuwa barazani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, tunachambua mchele, simu tumeiegemeza kwenye birika, tunarudia vipande vya Big Brother Hotshots, lile shindano la runinga la watu wanaofungiwa jumba moja na kutajana nani aingie hatarini kutolewa, ile ya 2014 aliyoshinda Idris Sultan wetu wa Tanzania. Akauweka ungo mapajani, akanigeukia: "Mama Neema, tungekuwa mle mjengoni mimi na wewe, ungenitaja?"

Nikamjibu: "Inategemea na wiki."

Akasema, "Haya." Akarudi kwenye mchele wake.

Tangu hapo kikoba tumegawana, barua ya posa ya Bakari imepokelewa Kasulu, paa la jikoni limepata bati jipya, na mimi ninasikia "Haya" tu. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa fupi, basi, kama mtu anayefunga kopo.

Kwa anayelijua jumba lile, jibu langu lilikuwa sahihi. Nitaeleza, maana nadhani nilimwonea kwa kulitoa bila maelezo.

Siku ya kutaja, kila mshiriki anaingia peke yake kwenye chumba cha faragha, anatoa majina mawili na sababu zake. Piga hesabu. Wakiwa 12, yanatoka majina 24. Wasipopatana, majina yanatawanyika, na kwa wastani kila mtu anaangukiwa mara 2. Sasa chukua watatu wanaokula sahani moja, wakubaliane kimya kimya wataje watu wawili walewale. Hao wawili tayari wana 3 kila mmoja kabla wa nne hajafungua mdomo. Kambi ya watatu tu, na wenzao wamekalia kuti kavu. Ndiyo sababu ni marufuku kujadiliana nani atajwe, na vinasa sauti wanavyovaa kutwa nzima husaidia kuwakamata wanaojadiliana.

Wiki ya kwanza hakuna mwenye akili anayemtaja rafiki. Hana haja. Anamtaja yule ambaye hajazungumza naye, na sababu anayotoa ni "hatujazoeana", sababu isiyoacha jeraha. Wiki za katikati mambo yanageuka, kwa sababu rafiki ndiye anayejua ulichosema usiku juu ya wengine. Ukigombana naye, hayo yote yanahamia kambi ya pili kwa saa moja. Wengi huvunjikia hapa, na mara nyingi kinachoanzisha ni chakula. Wanapewa kazi ya wiki, wanaweka dau sehemu ya pesa ya manunuzi, wakishindwa kapu linapungua. Siku mbili baadaye mtu anahesabu mayai. Ukimsikia mshiriki anauliza nani kamaliza sukari, subiri siku ya kutaja.

Wiki za mwisho ndizo zenye uchungu. Waliobaki wote wanajua kwamba mshindi anachaguliwa na watazamaji, si na wao. Mtu wa kumwogopa si adui yako. Adui anayechukiwa nje atakusaidia ukikaa naye fainali. Wa kuogopwa ni rafiki yako anayependwa.

Halafu kuna kiongozi wa jumba. Katika Big Brother ya Afrika, kwa misimu kadhaa, kiongozi wa wiki alipewa nafasi ya kumwokoa mmoja kati ya waliotajwa na kumweka mwingine badala yake. Kwangu mimi huo ndio mtihani mkali kuliko yote mle ndani. Kule chumbani unamtaja mtu kisha unatoka unatabasamu, hajui. Hapa aliyewekwa anajua ni mkono wa nani. Nimeona urafiki ulioanza siku ya kwanza ukifia hapo, na kosa huwa lilelile: kiongozi anamwokoa anayempenda, halafu anamweka mtu wa katikati, asiye adui wala rafiki, akidhani huyo hataumia. Huyo ndiye anayeumia zaidi. Adui angeelewa.

Na kura za nje nazo zilikuwa na hesabu yake. Kila nchi ilipiga kura zake, aliyeongoza katika nchi hiyo akachukua pointi moja ya nchi nzima. Nigeria na watu wake wote, pointi moja. Malawi, pointi moja. Kwa hiyo kupendwa sana nyumbani hakukutosha, ilibidi upendwe kiasi katika nchi nyingi. Idris alikaa siku 63, kuanzia Oktoba 5 hadi Desemba 7, akatoka na dola 300,000, Tayo wa Nigeria akiwa wa pili. Kabla yake Richard Bezuidenhout alishatuletea dola 100,000 mwaka 2007, na Mwisho Mwampamba alituwakilisha tangu msimu ule wa kwanza wa 2003. Ukiwafuatilia wote watatu unaona waliishi na watu wa nchi nyingine kama majirani wa mtaa mmoja. Mtu akichujwa anarudi kwao na maneno yake juu yako, na kwao kuna pointi moja.

Hayo yote yalikuwa ndani ya "inategemea na wiki". Mama Rama alipata maneno matatu tu.

Nimelirudia jibu langu nikiwa naosha vyombo. Ningesema "nisingekutaja" angejua ninadanganya, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hesabu za kambi ya watatu. Ningesema "ningekutaja" ingekuwa kisu. Ningenyamaza, kimya changu kingejibu. Tena ningekuwa na picha ningeirudisha nyuma nimwangalie uso alipotamka "Haya". Mle mjengoni kamera zipo hata nyuma ya vioo, na walio na kingamuzi waliangalia saa 24. Ila anayeangalia muhtasari wa jioni tu asiamini kila jicho linalokatwa. Mhariri ana siku nzima ya kubana ndani ya kipindi kifupi, na uso wa saa nne asubuhi unaweza kubandikwa kwenye maneno ya saa kumi. Mimi sina hata huo muhtasari. Nilikuwa ninaangalia mchele.

Usiku wa Jumapili nilimkumbuka Nick wa Uingereza, msimu wao wa kwanza, mwaka 2000. Aliandika majina kwenye vikaratasi, akawa anawaonyesha wenzake mmoja mmoja ili awaelekeze nani wa kumtaja, na kila mmoja alidhani yeye ndiye msiri wake. Kilichomponza ni kwamba watu walianza kulinganisha. Craig Phillips, fundi ujenzi kutoka Liverpool, akamweka mezani mbele ya wote akamuuliza swali baada ya swali, bila kumshika wala kumtukana. Nick alitolewa siku hiyohiyo. Niliona kama mimi ndiye Nick. Nina kikaratasi changu kichwani chenye majina na wiki.

Lakini Craig ndiye aliyenilaza. Alishinda pauni 70,000 na akazitoa zote kwa rafiki yake mwenye Down Syndrome, aliyehitaji kupandikizwa moyo na mapafu. Mtu alikaa ndani ya mchezo ule wa kutajana wiki nenda wiki rudi, naye akatoka bado ana rafiki wa kumpelekea pesa. Nilipofika hapo nililala.

Leo saa kumi na moja jioni Mama Rama amekuja kurudisha ungo. Hakuketi. Amesimama mlangoni, kanga begani, akaniambia:

"Nimefikiri lile swali. Mimi ningekutaja wiki ya nane."

Hotshots ilikuwa wiki tisa.

Nikamwambia, "Ya nane?"

"Ya nane. Si ulisema mwishoni wanamtaja anayependwa?"

Akacheka, akanipa ungo, akaondoka. Nimesimama pale hadi alipokata kona ya dukani. Alinisikiliza kumbe. Siku zote nilizokuwa ninaeleza kambi na pointi za nchi, nikidhani anachambua mchele tu, alikuwa ananisikiliza. Kesho nitampelekea migebuka, na nitamwambia yeye ningemtaja wiki ileile, na akiwa kiongozi aniweke na mimi, sitamnunia.

Nisingekuwa na haraka ningeandika zaidi, ila mama yupo kwenye treni kutoka Tabora. Ujumbe wake wa mwisho ulitoka Nguruka, kwamba dumu la asali linavuja kwenye kifuniko na amelifunga kwa mfuko wa plastiki. Baada ya hapo simu haipatikani. Inaweza kuwa chaji tu. Bakari yuko stesheni tangu saa mbili, nimempigia mara mbili, anasema bado. Dawa za presha za mama nimezikuta sasa hivi juu ya kabati, kopo zima, alilisahau alipoondoka.