Daiari yenye mafuta ya viazi karai

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha gredi ya tatu huku Likoni, Mombasa, nilikuwa na kalamu nyekundu na imani kubwa mno na daiari. Mwalimu aandika, mzazi asoma na kutia saini, kesho yake inarudi. Nilikuwa na watoto arubaini na kitu, na daiari nyingi zilirudi na saini. Ya kijana mmoja ilirudi na madoa ya mafuta tu.

Basi nikazidi kuandika. Kwamba hafanyi kazi ya nyumbani. Kwamba mzazi hafuatilii. Tena yote kwa Kiingereza, kwa kuwa daiari zenyewe zilichapishwa hivyo. Sera inataka madarasa ya chini hadi gredi ya tatu yafundishwe kwa lugha ya eneo, na lugha ya Mombasa ni ipi hata kunguru wanaijua. Mtoto namsomesha kwa Kiswahili, mamake namwandikia Kizungu! Na tangu mtaala wa umilisi uanze mwaka 2019, mzazi ana mengi ya kuambiwa: leta maboksi, leta vifuniko vya chupa, msaidie mtoto kutengeneza hiki na kile.

Ukaitishwa mkutano wa wazazi, Ijumaa saa saba mchana. Aliyeipanga saa hiyo sijui kama aliwahi kuishi mji huu. Walikuja akina mama wanane, na baba mmoja aliyekuwa amekosea darasa.

Jioni moja natoka mjini, nimeshuka feri na njaa, nikapanga foleni kwa mama muuza viazi karai. Kijana wangu alikuwa pale akirudisha chenji. Aliponiona akainama nyuma ya ndoo. Mamake hakunijua. Alimpa daiari mteja mmoja mwenye shati la ofisi: "Kaka, hebu nisomee, mwalimu kasemaje leo?" Yule kaka, kiazi kingali mdomoni, akasoma na kutafsiri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Mtoto mvivu. Mzazi hajali. Mtu nyuma yangu akacheka. Mama akafuta mikono kwenye leso, akaipokea daiari, akarudi kugeuza viazi vyake.

Nilitoka kwenye foleni bila kununua. Uso wa kujitambulisha sikuwa nao.

Kikundi cha wazazi cha WhatsApp kisingenisaidia, maana simu ya yule mama ni mulika mwizi. Nilimpigia Jumapili asubuhi, karai likiwa limelala. Nilipotaja shule tu akauliza, "Kafanya nini tena?" Nikamwambia hajafanya baya. Juzi tulipocheza duka darasani, alitoa hesabu ya chenji kabla wenzake hawajashika penseli. Ilikuwa kweli, na sikuwahi kuiandika popote. Akacheka. "Hiyo ni chenji ya viazi, mwalimu. Mshika pesa wangu huyo, mpaka saa tatu usiku."

Hapo ndipo nilipojua kazi ya nyumbani ilikuwa ikipotelea wapi. Akitoka shule ni chuoni, yaani madrasa, akitoka chuoni ni kwenye karai. Tukakubaliana apewe nusu saa kabla ya wateja wa magharibi, na hesabu nikampa za palepale: sahani ngapi zimeuzwa, zimebaki ngapi, andika. Kusoma kulichukua muda zaidi, karibu muhula mzima.

Tangu hapo malalamiko siyaandiki kabisa, napiga simu. Na kwa kila mzazi simu ya kwanza ya muhula huwa haina shida ndani yake, ingawa wengi hushtuka vilevile. Salio ni la mfukoni mwangu, shule hairudishi. Tena kuna baba mmoja wa tuktuk aliyeipenda mno namba yangu; huniflashi saa tano usiku, nikimpigia anataka tujadili maharagwe ya shule. Huyo bado sijapata dawa yake.

Daiari sasa naandika kwa Kiswahili, na kijana humsomea mamake mwenyewe, wateja wakimrekebisha. Muhula wa pili ilirudi na mafuta yake kama kawaida, ila chini yake palikuwa na mwandiko wa penseli, mama kasema, mwana kaandika: "Mwalimu kesho atachelewa anibebe unga." Nilishaishika kalamu nyekundu nisahihishe. Nikaifunika.