Arubaini ya Ami

"Arubaini ni ya maiti, mwanangu." Basi. Ami akavua pete za kupigia ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, ya kulia kisha ya kushoto, akaziweka juu ya simu yangu kama mtu anayerudisha amana, akaomba kahawa.

Tangu Jumapili nayatafuna maneno hayo. Wiki hii dada katoka arubaini yake, mtoto katolewa nje, nyumba imejaa watu na biriani, na mimi katikati ya masufuria namjibu Ami kichwani.

Programu niliyomtengenezea ni hivi: ganuni inaingia kwenye simu kwa kipaza sauti kidogo, inaongezwa nguvu, inatoka kwenye hedifoni za waya ili Ami ajisikie, maana masikio yamechoka. (Bluetooth niliiacha kitambo. Ile huchelewa mpaka umesahau umepiga nini.) Alisema, "Nagusa mimi, anajibu mwengine." Nami nikamjibu kwa kiburi cha watu wa kompyuta: "Ni milisekunde arubaini tu, Ami."

Hiyo "tu" ndiyo inayoniuma. Mzee kaniambia anachosikia, mimi nikamletea hesabu.

Na hesabu yenyewe ilikuwa upande wake! Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo arubaini yangu ni karibu mita 14. Yaani nimeichukua ganuni iliyo mapajani mwake, nikaipeleka kwa muuza kahawa kule pembeni, kisha namwambia apige.

Jumanne usiku, kwa hasira kuliko elimu, nikaifumua programu. Bafa, ile akiba ya sauti inayosubiri kutoka, nilikuwa nimeiweka fremu 1,764 (vipande vidogo vya sauti, ndiyo hizo milisekunde arubaini), kwa sababu nikiipunguza sauti inakwaruza: simu haiwahi kuijaza kabla haijakauka, na lile pengo ndilo unalolisikia, tk, tk. Nikailaumu simu, ya bei rahisi. Kumbe naomba fremu 44,100 kwa sekunde na simu yenyewe ni ya 48,000. Hapo Android inakaa kuzigeuza njiani, na njia yake ya haraka ya sauti inakunyima. Miezi yote naongeza bafa kuficha kosa langu mwenyewe.

Nikaweka 48,000. Simu hii huchota fremu 192 kwa mkupuo. Mkupuo mmoja haukutosha, ukipangusa kioo tu inakwaruza. Nikaipa miwili: 384, milisekunde 8.

Jana baada ya isha nikamfuata barazani. Shikamoo, marahaba, namba sikutaja hata moja. Akanipa upande mmoja wa hedifoni, akavaa pete, akagusa uzi mmoja. Akasita. Akaugusa tena. Kisha akainamisha kichwa akapiga, na kahawa ikapoa, kashata haijaguswa. Mara mbili nikasikia tk. Nikafungua mdomo kuomba radhi.

"Hata nyuzi hukatika, mwanangu. Nyamaza nipige."

Nimerudi nacheka peke yangu njia nzima. Nyumbani nikamkuta Bi Mkubwa anafunga mkoba, anataka boti ya Jumamosi ende Pemba kwa mdogo wake. Na kusi limeshaingia, minazi ya nyuma haijatulia tangu juzi, na yeye hutapika hata boti haijatoka bandarini Malindi, hapa Unguja. Nimemwomba asubiri wiki moja. Kasema tiketi keshakata.