Sefu ya bunduki huanzia sakafuni

Kabla sefu haijashushwa kwenye gari, chukua sarafu ya shilingi ishirini ugonge kigae kimoja kimoja pale unapotaka ikae. Kigae kilichoshika hutoa mlio mfupi, mkavu. Chenye uwazi chini hulia kama debe tupu. Vigae vingi vya sentimita 60 kwa 60 hapa Nairobi hubandikwa kwa matone matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, na baina ya matone hayo ni hewa. Mtu akipita, kigae hakisemi neno. Kilo 300 zikikaa juu yake, kinapasuka, sefu inainama, na mlango unaanza kukwama au kujifungua wenyewe kila ukigeuza ufunguo.

Vigae vinavyolia hivyo ving'oe. Pitisha grainda kwenye viungo vyake ili vya jirani visipasuke, kwangua gundi yote, loanisha, kisha jaza kwa sementi moja na mchanga tatu mpaka usawa wa vigae vilivyobaki. Kwenye nyumba za zamani zenye pakee ya muhuhu, toa vile vibao vya mahali pa sefu na ile lami iliyovishikilia, ujaze vivyo hivyo. Muhuhu ni mgumu sana, lakini lami iliyo chini husogea.

Sasa uzito. Sakafu ya ghorofa ya makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Sefu ya kilo 300 yenye kitako cha sentimita 60 kwa 55 hukandamiza kwa kiasi cha kilo 900 kwa mita mraba. Ni kama kupanga mitungi 15 ya maji ya lita 20, mmoja juu ya mwingine, mahali pa kiti kimoja. Slabu nzuri, yaani sakafu ya zege, huusambaza mzigo huo, ila isaidie: weka sefu kwenye kona, karibu na boriti au ukuta unaobeba nyumba, kamwe si katikati ya chumba wala upande wa roshani inayoning'inia. Ikizidi kilo 400 pamoja na vitakavyokaa ndani, mlipe mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi aangalie michoro. Gharama hiyo usiikwepe.

Nyumba ya chini ina shida nyingine, unyevu. Bandika karatasi ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45 sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu pana, iache saa 24. Ukikuta matone chini yake, au zege imegeuka rangi, kitako cha sefu kitaota kutu na hewa ya ndani itaharibu bunduki. Tandika nailoni nene, juu yake mpira wa milimita 6. Upande wa Embakasi, kwenye udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, angalia pia nyufa. Sefu isikae juu ya ufa.

Slabu ikiwa nyembamba au dhaifu, vunja mahali hapo umwage kitako kipya cha sentimita 80 kwa 75, unene sentimita 15, chenye waya wa BRC, ule wavu wa chuma wa kuimarisha zege. Hiyo ni 0.09 ya mita za ujazo. Changanya sementi ya nguvu ya 42.5 (huandikwa kwenye mfuko) ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha na chenji. Maji yawe machache, maana zege ya uji hupungua na kupasuka. Mwagilia siku saba, na usitoboe kabla ya siku 28.

Kosa linaloumiza wengi zaidi ni urefu wa bolti. Hesabu kutoka juu: chuma cha sefu milimita 5, mpira 6, kigae na gundi 15, skridi, ule mchanganyiko wa sementi na mchanga juu ya zege, 40. Hapo umeshatumia 66 na bado hujaigusa zege. Bolti ya M12, yaani ya unene wa milimita 12, inataka angalau milimita 75 ndani ya zege yenyewe, na juu nafasi ya washa na nati. Kwa hiyo nunua ya milimita 160 au 180. Ile ya 100 ambayo fundi huja nayo mfukoni itaigusa zege kidogo tu, na mwizi mwenye mtaimbo ataing'oa kama msumari kwenye ubao uliooza.

Aina nayo ina maana. Bolti ya M12 yenye pete ndogo ya kupanuka mwishoni huingia kwenye tundu la milimita 12, kwa hiyo inapita moja kwa moja kwenye matundu ya sefu. Ile yenye ganda pana la vipande vinne hutaka tundu la milimita 20 na haipiti. Lazima uipandikize kwanza, kisha usumbuke kuilinganisha na matundu ya sefu. Mimi nachagua ya kwanza, nne, kila moja angalau sentimita 12 kutoka ukingo wa zege.

Funga maji kwenye mita kabla ya kutoboa, kwa sababu mabomba ya plastiki ya maji (PPR) na ya nyaya za umeme hupitishwa ndani ya skridi. Weka alama ya selotepu kwenye biti ya drili ili usitoboe nailoni iliyo chini ya slabu. Biti ikizama ghafla ghorofani, umeingia kwenye tofali tupu la slabu ya mbavu, ile yenye mihimili ya zege na matofali yenye uwazi katikati yake. Bolti ya kupanuka haitashika humo. Hamia kwenye ubavu, au funga kwenye ukuta wa jiwe la Ndarugo la inchi tisa. Kwenye majengo marefu mapya yenye nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya slabu, usitoboe bila michoro. Kisha safisha tundu: brashi, pampu, brashi tena. Vumbi likibaki bolti huteleza.

Usiiweke sefu juu ya sakafu ya kabati la ukutani. Ule ubao una uwazi wa sentimita kumi chini. Ukate, sefu ikae kwenye zege.

Sawazisha kwa pima-maji ukitumia vibati vya chuma, si mbao wala katoni. Bolti hukazwa kutoka ndani, yaani mlango uko wazi na uzito wote umeegemea mbele: awepo mtu wa pili wa kuushika mpaka bolti mbili za nyuma zishike. Wiki moja baadaye zikaze tena. Inayozunguka bila kushika, itoe, toboa tundu jipya mbali na la kwanza.