Siku moja maabara Kigoma, na seli ambazo hakuna anayeziulizia

Saa 12:30 asubuhi. Nateremka kwa miguu kutoka Mwanga, upande wa Kongo ukiwa bado umefichwa na ukungu wa ziwa. Saa ya kwanza kazini ni ya kufuta meza na kupokea sampuli, haina la kusimulia.

Saa 3:10 asubuhi. Choo cha mvuvi mmoja wa Kibirizi, mzee wa umri wa kunizaa, kiko chini ya hadubini kwa njia ya Kato-Katz, ya kuhesabu mayai ya minyoo katika kipimo kidogo cha choo. Mayai ya kichocho cha tumbo yanaonekana wazi: marefu, ya rangi ya kahawia hafifu, kila moja na mwiba wake ubavuni. Nahesabu 11, nazidisha kwa 24 kwa kuwa kipimo hicho ni kama sehemu moja ya 24 ya gramu, na kuandika mayai 264 kwa gramu.

Saa 5 asubuhi. Daktari ananiita chumba cha ultrasaundi. Kando ya mshipa unaopeleka damu ya matumbo kwenye ini pamezuka mistari minene myeupe, kovu ambalo mwanapatholojia Symmers alilieleza mwaka 1904. Wengi huwalaumu minyoo wenyewe, lakini kovu hili hutokana na mayai yaliyonasa ndani ya ini. Seli za kinga huyazingira na kutoa interlukini-13, kemikali ya kupeana ishara, nayo huziamsha seli nyota, ambazo katika ini lenye afya kazi yake ni kutunza vitamini A. Zikiamka hugeuka mafundi wa kolajeni, protini ya nyuzi inayounda kovu, wakajenga bila kipimo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Minyoo wakifa, tumbo litarudi lilivyokuwa?”

Daktari anamjibu kwamba dawa itaua minyoo, ila kovu lina mwendo wake: kwa vijana mara nyingi hupungua taratibu, kwa mtu mzima hupungua kwa shida.

Saa 7 mchana, ugali na migebuka.

Saa 8 mchana. Wanafunzi wawili wa mazoezi wananiuliza kwa nini mtoki huvimba kinenani wakati kidonda kiko mguuni. Nawawekea slaidi ya zamani ya tezi ya limfu iliyotiwa rangi ya fedha. Nyuzi nyeusi zimetandaa kote kama jarife lililoanikwa, na kwenye vitabu vyetu vya chuo ziliitwa “tishu ya kushikilia” tu, jina ambalo naliona la dharau. Seli zinazozifuma nyuzi hizo hutoa kemokaini CCL19 na CCL21, yaani kemikali za kuita, zinazoita askari wa kinga waitwao seli T, kisha huzilisha ishara nyingine, interlukini-7, ili ziishi. Seli za dendriti, wajumbe wa kinga wanaoleta habari za vijidudu, zinapofika kutoka kidondani, huzigusa seli hizo za wavu, nazo hulegeza mkazo wake. Tezi hupata nafasi ya kutanuka na kupokea jeshi zima. Huo ndio mtoki.

Mmoja anauliza kuhusu VVU. Namweleza kwamba maambukizi ya muda mrefu hujaza kolajeni ndani ya tezi na kuharibu wavu, seli T zikakosa interlukini-7. Hii ni sababu mojawapo ya CD4, seli T zinazoshambuliwa na VVU, za baadhi ya wagonjwa kuchelewa kupanda hata virusi vikiwa vimedhibitiwa. Anarudi kwenye hadubini, anakaa nayo muda mrefu.

Saa 9:40 alasiri. Mzee ana kilo 58. Kwa miligramu 40 kila kilo, anapewa vidonge vinne vya prazikwanteli, dawa ya kichocho, vya miligramu 600. Anavimeza kimoja kimoja baada ya kula, kisha anaomba aandikiwe tarehe ya kurudi kupigwa ultrasaundi nyingine.