Nilipolifuata ua Sigi

Usiku wa kuamkia safari nililala Muheza kwa shangazi. Saa tisa kuku wakapiga kelele bandani, tukatoka na tochi.

"Shangazi, si paka yule?"

"Paka gani, mwanangu? Tazama mkia!"

Mkia mrefu wenye pete nyeusi, mwili wa madoadoa, macho yakiwaka. Kanu. Akakwea mwembe, akapotea, na mtetea wa shangazi keshamuua.

Asubuhi nikapanda basi la Amani, nikashuka Sigi, penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani. Sasa ni lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997. Mwongozaji akanipitisha kando ya kijito mpaka kwenye jabali lenye kivuli kizito.

Ua nililolifuata lilikuwa pale, limejibana ufani: majani yamelala juu ya jiwe, maua ya zambarau, na katikati ya kila ua vifuko viwili vya chavua, manjano kama kiini cha yai. Koo likanikaba. Hili ndilo alilolikuta Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya huku Tanga, mwaka 1892, akampelekea baba yake Ujerumani, likaitwa Saintpaulia. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanalo madirishani, wala wengi hawajui kwao ni wapi.

Nikaligusa jani. Lina vinyweleo laini.

"Kama manyoya ya kanu," akasema mwongozaji, nami nikamweleza ya usiku.

Tukakaa hapo tukilinganisha kanu na ua. Kanu hula panya, ndege, panzi, hata matunda. Ukifyeka msitu, anahamia shambani, na kama shambani hapatoshi, kuna banda la shangazi. Ua hili kwa asili liko Tanzania na pembe ya kusini-mashariki ya Kenya tu, na hata huko linataka jiwe lake, unyevu wake, kivuli chake. Haliwezi kuondoka. Mbele kidogo akanionyesha jabali ambalo mti uliolifunika ulikuwa umeanguka. Jua lilipiga moja kwa moja. Majani machache yaliyobaki yalikuwa ya kahawia, yamejikunja. Nikayatazama mpaka mwongozaji akaniita twende.

Jioni nikampigia shangazi.

"Karudi?"

"Karudi. Nimefunga mlango kwa waya, kaenda kwa jirani."