Nilivyopata funguo mpya ya milango ya Hilux ya 1994 bila kubadilisha vitasa

Wakuu, naandika hii kwa sababu nilipewa ushauri mbovu mno siku zile nilipopoteza funguo, na najua kuna mtu mwenye gari ya zamani kama yangu ataambiwa hayohayo na atapoteza hela bure.

Gari yangu ni Hilux pikapu ya 1994, dizeli, injini aina ya 3L. Nabebea viazi, natoa mashambani huko Njombe naleta Makambako kupakia kwenye malori ya Dar. Niliinunua mkononi mwa mtu ambaye alishabadilisha swichi ya kuwashia, kwa hiyo nilikuwa na funguo 2, moja ya kuwashia na moja ya milango tu. Ya milango ndo iliyopotea. Ilikuwa mwezi wa 6, tunapakia usiku, nahisi ilidondokea kwenye gunia ikashonewa humohumo ikaenda zake. Tulimulika na tochi za simu mpaka tukachoka.

Sasa gari inawaka, inatembea, ila siwezi kuifunga. Ukibonyeza vile vibonye vya ndani halafu ukarudisha mlango, umeshajifungia nje. Na ndani kuna jeki, turubai, mizani, kadi ya gari, kila kitu. Nikawa nalala ndani ya gari. Anayeijua baridi ya Makambako ya mwezi wa 6 na ule upepo wake usiotulia anaelewa nasema nini, nililala humo siku 4, kabuti na blanketi 2 na bado miguu inakufa ganzi, kuna usiku niliwasha injini mara 3 nipate joto tu, dizeli inaungua hivihivi.

Ushauri ukaanza kumiminika. Shemeji yangu, ambaye ana karakana ya kuchomelea, akasema lete gari nikuchomelee komeo, uweke kufuli. Kwenye mlango wa gari! Bati lenyewe lile jembamba, nilitoboe, nichomelee komeo kama la banda la kuku, kisha kutu ianzie hapohapo. Nilimheshimu nikanyamaza ila iliniuma. Mwingine akasema agiza seti nzima ya vitasa Dar, kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, akapiga simu palepale, tukaambiwa laki na nusu, baada ya dakika 10 ikawa laki na 80, bado nauli ya basi, na bado nitavua vitasa vyangu vilivyotoka na gari kiwandani, vizima kabisa, niweke vya kuungaunga. Kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma kilichopotea!

Ushauri wa tatu ndo ulionigharimu. Wazee wa stendi wakasema Toyota za zamani zinafunguana, azima funguo za wenzako ujaribu, utapata inayoingiliana, ukaichonge kopi. Sio uongo kabisa. Vitasa vikishalika sana na funguo nazo zikalika, ya gari hii inaweza kufungua ile. Nikaanza kuomba. Ya kwanza iliingia haikuzunguka, ya pili hivyohivyo, ya tatu haikuingia hata nusu. Watu wakaanza kukusanyika. Ya 7 ilikuwa ya jamaa mmoja anayepeleka mzigo Songea, imelika mpaka meno yamekuwa kama mawimbi tu, nikaiingiza mlango wa dereva, nikaitikisa kidogo nikasikia "kha", kikazunguka! Kibonye kikashuka! Watu wakapiga kelele pale, mi mwenyewe nikamkumbatia mwenye funguo.

Narudisha, haitaki kurudi. Navuta, haitoki. Imekwama katikati ya mzunguko, na yule jamaa kashapakia, funguo yake ndo hiyohiyo ya kuwashia. Asee. Tukapuliza WD-40, yale mafuta ya kopo ya kulainisha vyuma, tukagonga polepole na mpini wa bisibisi, mmoja akaleta koleo nikamkatalia, kwa sababu funguo iliyolika vile ukiivuta kwa koleo inakatikia ndani na hapo utakuwa umewafungia safari watu 2. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Mwisho niliisukuma ndani badala ya kuvuta, huku natikisa juu chini, ndo ikaachia. Jamaa alichukua funguo yake akaondoka bila kuniaga, na kuanzia hapo kitasa cha dereva kikawa kigumu kuliko kilivyokuwa. Kwa hiyo ukiambiwa uazime funguo, kataa.

Usiku ule nikiwa nimejikunja kwenye siti nikawaza: funguo imepotea, lakini kitasa kipo, na kitasa ndo kinachojua funguo ilikuwaje. Halafu gari za umri huu hazina chipu, funguo yake ni chuma kitupu, hakuna cha kompyuta wala nini. Na kitasa cha kupeleka kwa fundi sio cha dereva, ni cha abiria. Cha dereva kinatumika kila siku miaka 30, kimelika. Cha abiria nani anakifungua kwa funguo? Kile kipo kama kilivyotoka Japani.

Asubuhi nikaanza kuvua paneli ya mlango wa abiria, lile bamba la upande wa ndani. Hapa kuna kitu kimoja kinawatesa wengi, ule mkono wa kuzungushia kioo. Hauna skrubu, umeshikwa kwa nyuma na klipsi ndogo ya waya, na nimeona milango mingi mafundi wameuvunja au wamechana paneli kwa bisibisi. Chukua kitambaa chembamba, mi nilitumia kipande cha fulana kuukuu, kipitishe nyuma ya mkono, kati yake na paneli, ushike ncha 2, kisha vuta huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu. Kitambaa kinanasa ncha za klipsi kinaitoa. Yangu iliruka kwa nguvu, bahati nilishafunga vioo vyote na milango kwa hiyo niliiokota chini ya siti. Fanya ukiwa umejifungia, ikirukia nje kwenye vumbi huioni tena.

Ukishatoa paneli na nailoni iliyo nyuma yake, kitasa unakiona. Kuna fimbo nyembamba inakiunganisha, imeshikwa na kiplastiki, kizungushe kwanza ndo utoe, usikivute, plastiki ya miaka hiyo imeshakauka kama biskuti. Kitasa chenyewe kinashikwa na bati la kuchomeka, linatoka kwa kugongwa pembeni. Nikakipangusa, nikaona kimegongwa namba, tarakimu 5. Toyota nyingi za miaka ile namba ya funguo iko hapo.

Nikamwachia mdogo wangu gari nikapanda basi la Iringa, kuna mzee anachonga funguo chini ya mwamvuli nilielekezwa na dereva mmoja wa Canter.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kadi ya gari unayo?"

Kabla hata hajashika kitasa. Nilimpenda kwa hilo, mchonga funguo asiyekuuliza gari ni ya nani muogope. Akaisoma kadi, akasoma namba, akasema mwenye mashine ya kuchonga kwa namba ingemtosha, yeye hana, lakini kitasa chenyewe kitamwambia.

Akaingiza funguo isiyochongwa. Kitasa ukikitoa kwenye nyumba yake unaona vibati vyembamba rangi ya shaba vimepangwa, kila kimoja kina springi ndogo kama unywele, na vilikuwa vimejitokeza nje vingine juu vingine chini. Akabana funguo kwenye jiliwa, akaikwangua kwa tupa sehemu ya kibati cha kwanza, mara 3 tu, akaiingiza, akapitisha kidole gumba. Bado. Akakwangua tena. Kibati kikazama kikalingana na mwili wa kitasa, ukipitisha ukucha haukwami. Akaenda cha pili. Hakuwa na haraka, na nilipomwambia basi la mwisho linakaribia akanijibu, "Ukizidisha tupa mara moja, kinazamia upande wa pili, tunaanza upya." Nikakaa kimya. Kilipozama cha mwisho akarudisha kitasa kwenye nyumba yake, akazungusha kwa vidole 2 kama anageuza ukurasa.

Nililipa kama elfu 25 hivi pamoja na kopi 2, labda 30, nilimwongezea ya chai kwa furaha.

Kitasa cha dereva kilinisumbua siku moja zaidi. Nilikitoa nikakiosha kwa petroli, maji yalitoka meusi tii, ni grisi ya miaka mingi iliyoshikana na vumbi la viazi. Msiweke grisi kwenye vitasa jamani. Mi nilisaga ule weusi wa ndani ya penseli nikaupuliza humo, basi. Funguo mpya iliingia ikawa inagoma kidogo, nikaizungusha huku na huku kama mara 20 hivi, ikalainika.

Usiku ule nikalala gesti. Saa 9 niliamka kwa mazoea, nikachungulia dirishani, gari ipo, vibonye vyote vimeshuka. Ile namba nimeiandika nyuma ya picha ya mke wangu kwenye pochi, na kopi moja nimempa shemeji aniwekee pale karakana.