Tulivyowashukuru akina mama wa mtaa wetu wakiwa hai

Mtaa wetu uko katikati ya Jiji la Mbeya, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Soko la Mwanjelwa. Nyumba zimebanana na wapangaji hawakai sana, lakini wapo akina mama ambao hata mgeni wa wiki moja ameshawajua. Tatizo ni kwamba tunawashukuru wakishakufa, wasifu wa marehemu ukisomwa. Mimi ni fundi cherehani. Nilishona sare za misiba yao hadi nikasema hapana, safari hii tuwasifu wenyewe wakisikia.

Kwanza nilitaka kujua ni akina nani hasa. Ukiuliza watu mama gani anasaidia mtaa, watakutajia wenye vyeo: mjumbe, kiongozi wa kwaya, mwenyekiti wa kikundi. Kwa hiyo nikawa nawauliza wateja huku nawapima: mtoto akizidiwa usiku, unamgongea nani? Ukifiwa, nani anafika wa kwanza na sufuria? Ukikwama kodi, unakwenda kumlilia nani? Niliwauliza wanawake na wanaume, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wakinga. Majibu yaliishia kwenye milango ileile.

Mlango uliotajwa kuliko yote ni wa muuguzi mstaafu. Mwingine ni wa mama wa misibani, anayejua kila nyumba imechanga nini na nani bado hajala. Wa tatu ni mweka hazina wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 alipoteza kibanda chake chote cha vitenge, akaanza upya na beseni la ndizi za Tukuyu. Leo ndiye anayetunza sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wanachama watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote watatu wawe wamekaa kwenye mkeka, na kila hisa inahesabiwa kwa sauti hadi mtoto aliyebebwa mgongoni anaijua. Mwaka 2023 serikali iliposimamisha mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, sanduku hilo liliendelea kukopesha. Mikopo ile ilirejeshwa mwaka 2024, lakini magenge ya mtaani kwetu hayakufungwa hata siku moja kwa kukosa mtaji, na hilo ni la huyu mama.

Aliyenipa kazi ngumu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU. Sisi huku hatuhitaji kuambiwa. Huyu mama anawafuata watu majumbani, anawakumbusha dawa, anawasindikiza kliniki, na hakuna siri iliyowahi kumtoka. Sasa utamsifuje mbele ya watu? Ukieleza anachofanya, kila aliyewahi kuonekana naye atanyooshewa kidole. Nilimfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuuliza tuseme nini juu yako."

"Marahaba mwanangu. Sema kwamba natembea. Basi."

Ndivyo tulivyoandika. Naliweka hapa kwa yeyote anayepanga jambo kama hili: mwendee kila mama kwanza, akubali mwenyewe kitakachosomwa. Wapo wanaofanya kazi yao vizuri kwa sababu haitangazwi.

Tarehe 8 Machi tuliiacha. Siku ya Wanawake Duniani akina mama hao hao wanavaa sare na kuandamana, na jioni wanarudi wamechoka. Tukachukua Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Mwenyekiti wa mtaa alikubali, tukafunga turubai maana Machi Mbeya mvua haina adabu. Ukaja mjadala wa mgeni rasmi. Wazee walitaka aalikwe kiongozi. Niliwaambia meza kuu ni ya akina mama, na kiongozi akija akae na sisi kwenye mabenchi. Walinung'unika kidogo, wakakubali.

Halafu nani apike? Hapa sikutaka kurudi nyuma hata hatua moja, maana sherehe nyingi za wanawake hupikwa na wanawake wenyewe, wanaosifiwa wakiwa jikoni na moshi machoni. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakachukua jiko. Kila nyumba ilileta kikombe cha mchele wa Kyela, wasio nao wakaleta kuni au maharage. Mama wa misibani aliinuka mara kadhaa kwenda kuchungulia sufuria, na kila mara mwenyekiti alimrudisha kwenye kiti. Mwishowe alikaa, akala chakula ambacho hakukipika, na alipoletewa maji ya kunawa na kijana wa kiume alimshika mkono huyo kijana asimwachie.

Zawadi hatukukisia. Tuliwauliza kazi yao inawalemea wapi. Muuguzi alitaka tochi na gambuti za kupita matope usiku. Mama wa misibani alitaka sufuria kubwa, maana aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuazima. Mama wa kikoba alisema hataki kitu, anataka vijana wa kike wajifunze kuandika daftari la hisa. Hakuna aliyetaja keki wala kitenge, na mimi ninayeuza ushonaji nilifurahi kusikia hivyo.

Kila jina lilisomwa na jirani aliyesaidiwa, kwa tendo lenyewe: usiku gani, mtoto wa nani, kodi ya mwezi upi. Ilipofika zamu ya mhudumu wa afya, mwenyekiti alisema, "Huyu mama anatembea." Watu walipiga vigelegele kuliko kwa mwingine yeyote, na hakuna aliyeuliza anatembea kwenda wapi.

Tangu siku hiyo wasichana wawili wanapokezana kumsindikiza muuguzi akigongewa usiku, na vijana wa bodaboda wamekubali kumbeba mgonjwa kwanza, nauli itafuata kesho. Daftari la hisa sasa linaandikwa na binti wa miaka kumi na tisa. Mama wa kikoba anakaa pembeni yake, na akikosea anamrudisha mstari mzima.